Injini Imenoki: Beringi Tu, Ovahoo, au Injini ya Mtumba? Ulinganisho kwa Corolla na Carina za Zamani

Gari la miaka ya tisini likianza kugonga, mwenye gari hupewa majibu matatu kabla boneti haijapoa. Fundi wa kwanza anasema badili beringi, kazi ya siku moja. Wa pili anasema injini ishuke, ipigwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Wa tatu anamjua mtu mwenye injini ya Japani, na hata leo inaweza kupakiwa kwenye kirikuu ikaletwa. Kila jibu lina gari lake. Kosa ni kuchagua kwa bei kabla ya kupima. Kinachoamua hapa ni hali ya krenki, shafti nzito inayozungushwa na pistoni na kukaa ndani ya beringi, na krenki haijulikani mpaka sampu (bakuli la oili chini ya injini) ishuke na maikromita (kifaa cha kupima unene) ishikwe mkononi.

Mfano tunaoutumia ni injini za Toyota za familia ya A: 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zilizomo kwenye Corolla AE100 na AE110, Sprinter, Carina TI na Premio 210 nyingi. Bloku yake (mwili wa injini wenye silinda) ni ya chuma na inachongeka, vipuri vipo, na injini za mtumba bado zinapatikana. Kwa magari haya njia zote tatu ziko wazi kweli. Kwa 1NZ-FE na 1ZZ-FE zilizofuata, zenye bloku ya alumini na slivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba, hesabu inabadilika, tutaigusa mbele.

## Kwanza, ni mlio gani?

"Injini inagonga" ni jina moja la magonjwa mengi, na baadhi yake hayahitaji sampu kufunguliwa kabisa. Tenga saa moja ya kusikiliza kabla ya kulipa mtu yeyote.

Anza na mlio mwembamba wa petroli. Unasikika gari likipanda mlima kwa gia kubwa huku umekanyaga mafuta, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na unakatika ukilegeza mguu. Mchanganyiko wa mafuta na hewa unajiwasha wenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaufikia. Kwenye gari la distributa (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi) chanzo cha kawaida ni mkono wa fundi: aliizungusha ili gari liwe jepesi, taiming, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, ikapita. Kuirekebisha, injini iwe ya moto, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti, kisha piga taa ya taiming kwenye puli. Alama isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Usipounganisha matundu hayo, kompyuta inaendelea kubadilisha taiming na unachosoma hakina maana. Vyanzo vingine ni petroli hafifu, injini inayochemka, hewa inayoingia kupitia gasketi ya manifoldi, na kaboni juu ya pistoni. Desturi ya kung'oa thamostati nayo inachangia hiyo kaboni, kwa sababu injini isiyofikia joto lake inaunguza mafuta vibaya.

Tapeti hulia juu, chini ya kifuniko cha vali, kwa sauti nyepesi na ya haraka kama cherehani. Injini hizi zinarekebishwa kwa vidude vya duara vinavyokaa juu ya tapeti. Nafasi ya upande wa kuingiza hewa ni 0.15 hadi 0.25 mm injini ikiwa baridi, na upande wa moshi huwa kubwa kidogo. Gari linaweza kuishi na mlio huu kwa muda bila kufa.

Kwenye gari la otomatiki, angalia bamba linalounganisha krenki na gia. Likipasuka, au bolti zake zikilegea, linagonga kwa sauti nzito inayofanana mno na ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), na hubadilika ukitoa N kuingiza D. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya bamba hili. Hakikisha pia bolti ya puli ya krenki imekaza. Altaneta na kompresa ya kiyoyozi zichunguzwe kwa kutoa mikanda na kuwasha injini. Usizidishe dakika moja, maana mkanda wa altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji.

Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga asubuhi, injini ikiwa baridi, kisha hunyamaza joto likipanda. Hiyo inaonyesha uchakavu. Haihitaji uamuzi wa leo.

Konrodi ni kinyume chake: inakuwa mbaya injini ikiwa ya moto, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Pasha injini joto kamili, ishike kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kisha achia mafuta ghafla. Ule mlio wa kwa-kwa-kwa unaosikika mizunguko inaposhuka ndio wenyewe. Halafu tafuta silinda. Injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), au juu yake kidogo mlio unaposikika vizuri, chomoa soketi ya injekta (kinyunyizi cha petroli) moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Injekta ni bora kuliko waya wa plagi: hakuna petroli mbichi inayoosha silinda, wala moto wa plagi unaotafuta njia kupitia mkono wako. Silinda ambayo ukiikata mlio unapungua sana au unapotea, konrodi yake ndiyo mgonjwa. Ukisikia mlio mzito, wa chini, unaofika mpaka miguuni na haubadiliki ukikata silinda moja moja, fikiria beringi kuu za krenki, na hapo njia ya kwanza kati ya zile tatu imeshafungwa karibu kabisa.

Hitimisha kwa oili. Fungua swichi ya taa ya oili na ufunge geji mahali pake. Nyuzi zake ni 1/8 BSPT. Injini ikiwa ya moto, geji isome angalau kPa 29 (kama psi 4) kwenye sailensa, na kPa 245 hadi 490 (psi 36 hadi 71) kwenye mizunguko 3,000. Taa ya dashibodi kuzimika hakuthibitishi kitu, maana huwaka presha ikiwa imeshaisha karibu yote. Kisha mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, pasua filta, kunjua karatasi yake juani. Vumbi linalong'aa kama rangi ya fedha au shaba, ambalo sumaku hailivuti, limetoka kwenye beringi. Chembe zinazonasa kwenye sumaku ni za chuma, na zinatisha zaidi.

Gari likithibitika kuwa ni konrodi, lisiwashwe tena hata kusogezwa kivulini. Kila dakika ya mlio inaichonga krenki, na kila sehemu ya mia ya milimita inayoliwa inakusogeza kutoka njia ya bei ndogo kwenda ya bei kubwa. Oili nzito na "dawa ya injini" hunyamazisha mlio kwa siku chache huku chuma kikiendelea kulika. Mwisho wake ni konrodi kupasua bloku.

## Sampu ikishuka: kipimo kinachochagua njia

Kazi hii inafanyika injini ikiwa ndani ya gari. Gari likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Toa bomba la mbele la egzosi, fungua bolti za sampu, itenganishe taratibu na gundi yake.

Kitu cha kwanza kutazama si beringi. Tazama wavu wa pampu ya oili. Mara nyingi utakuta mabonge ya silikoni ya gasketi iliyopakwa kwa wingi na mtu aliyefungua sampu zamani, au tope jeusi la oili iliyopitiliza muda. Hapo umeuona mzizi wa ugonjwa. Usipouondoa, njia yoyote utakayochagua itarudi palepale.

Zungusha krenki kwa spana kwenye bolti ya puli mpaka konrodi namba 2 na 3 ziwe chini. Baadaye 1 na 4. Kabla ya kufungua kifuniko chochote, kipige alama ya namba na upande wake. Vifuniko vya konrodi havibadilishani. Kila kimoja kilichongwa pamoja na konrodi yake. Ukikivua, vaa miwani na uangalie beringi kwa mwanga mkali:

- rangi ya kijivu iliyofifia, laini: bado ina uhai;
- rangi ya shaba imejitokeza: tabaka la juu limeisha;
- beringi imebanwa, imepinda, imepandana na mwenzake au imezunguka: imefunga tundu la oili, na konrodi yenyewe sasa ina mashaka;
- konrodi ina rangi ya samawati au zambarau: imepata moto, haifai tena.

Pitisha kucha juu ya shingo ya krenki, ile sehemu ya mviringo inayokaa ndani ya beringi. Kucha ikinasa kwenye mkwaruzo, jibu umeshalipata. Isiponasa, pima. Kwa 4A-FE na 5A-FE shingo ya konrodi ni 39.985 hadi 40.000 mm. Pima sehemu mbili za urefu wake na kwa pande mbili zinazokingamana. Tofauti ikizidi 0.02 mm, shingo si ya mviringo tena. (7A-FE ina shingo ya 48 mm, kwa hiyo anayekuambia beringi za 7A na 5A ni zilezile hajawahi kuzishika.) Kisha pima nafasi ya oili kwa uzi wa plastiki wa kupimia: uweke juu ya shingo kavu, funga kifuniko kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na skeli iliyokuja nao. Krenki isizunguke hata kidogo uzi ukiwa ndani. Nafasi nzuri ni 0.020 hadi 0.051 mm, ikizidi 0.08 mm, imepita kikomo.

Namba hizi ndogo ndizo zinazobeba uzito wote. Konrodi haigusi krenki. Inaelea juu ya utando wa oili. Nafasi ikikua mara mbili, oili inavuja pembeni kabla haijajenga utando, chuma kinakutana na chuma kila pistoni inapogeuka, na huko ndiko mlio unakotoka.

## Njia tatu, upande kwa upande

| | Beringi tu | Ovahoo | Injini ya mtumba |
|---|---|---|---|
| Inafaa wakati | shingo zote laini na ndani ya kipimo, kompresheni (presha ndani ya silinda) nzuri | shingo zimekwaruzika, bloku na hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali) nzima | bloku imepasuka, injini ilichemka vibaya, au hakuna karakana ya kuaminika |
| Injini kushuka | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Gari kusimama | siku 1 hadi 2 | wiki 1 hadi 3, kwa foleni ya karakana | siku 2 hadi 4 |
| Gharama | ndogo | kubwa, na hukua kadiri unavyofungua | unaijua mapema, ila ongeza mikanda na sili |
| Hatari kuu | krenki mbaya kufichwa na beringi mpya | uchafu wa kuchonga kubaki kwenye njia za oili | kununua ugonjwa wa mtu mwingine |
| Namba ya injini | haibadiliki | haibadiliki | inabadilika, kadi ya gari irekebishwe |

## Beringi tu

Hii ndiyo njia inayopendwa kuliko zote na inayotumika vibaya kuliko zote. Ikifanyika mahali pake ni tiba ya kweli: mlio ulisikika mapema, gari likazimwa siku hiyohiyo, shingo zikapimwa zikawa nzima. Badilisha za konrodi zote nne, si moja iliyolia, na utazame angalau beringi kuu moja au mbili. Za konrodi zikiwa zimelika kwa kukosa oili, kuu nazo zilikosa.

Beringi za Toyota za kipimo cha kawaida zenyewe zina daraja tatu, namba 1, 2 na 3, zikilingana na namba iliyopigwa kwenye kifuniko cha konrodi. Duka litakuuzia pakiti iliyoandikwa STD (kipimo cha kawaida) tu. Ndiyo sababu uzi wa plastiki unapimwa tena baada ya beringi mpya kuingia. Kama nafasi bado iko karibu na 0.08, pakiti mpya haijatibu kitu.

Kuna mambo matatu yanayofanywa mitaani na yanayoua injini ndani ya wiki chache. La kwanza ni kusugua shingo kwa msasa kwa mkono mpaka ing'ae. Inang'aa kweli, lakini imekuwa yai. La pili ni kuweka kipande cha kopo au karatasi ya sigara nyuma ya beringi ili ibane. Joto halipiti kwenda kwenye konrodi, na kipande hicho kinaweza kuziba tundu la oili. La tatu ni kupiga tupa midomo ya kifuniko. Konrodi iliyopigwa tupa haina tundu la duara tena, na hata krenki ikichongwa vizuri baadaye, konrodi hiyo itaivunja kazi. Ukimwona mtu ameshika tupa karibu na kifuniko cha konrodi yako, simamisha kazi hapo hapo.

Kukaza: kwa 4A-FE na 5A-FE nyingi za miaka ya 1990, bolti za konrodi ni Nm 29, kisha digrii 90 zaidi. Paka nyuzi oili nyepesi. Bolti iliyovutika huwa na kiuno, ukikiona, itupe.

## Ovahoo

Hapa unalipia uhakika, lakini uhakika unaupata kutoka kwa mwenye mashine ya kuchonga kuliko kutoka kwa anayefunga. Chagua karakana kabla ya kushusha injini. Uliza kama wanapima kwa maikromita mbele yako na kama wanaacha kona ya mviringo pale shingo inapokutana na ukuta wa krenki. Kona ikikatwa kali, krenki hupasukia hapo.

Beringi hununuliwa kwanza, krenki ndipo huchongwa. Saizi za kupunguza ni 0.25, 0.50 na 0.75 mm, ambazo mafundi huziita kumi, ishirini na thelathini kwa hesabu ya inchi. Ukichonga saizi ambayo dukani haipo, krenki yako inakuwa chuma chakavu. Peleka karakana krenki, konrodi na beringi pamoja, ili tundu la konrodi lipimwe likiwa limekazwa bila beringi, kwa pande tatu. Vivyo hivyo kwa pistoni: nunua za saizi kubwa kwanza, bloku ichimbwe kuzifuata.

Je, bloku lazima ichimbwe? Si lazima. Kompresheni ya injini hizi ikiwa nzima ni kama kPa 1,320 (psi 191), kikomo cha chini ni kPa 981 (psi 142), na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kPa 98 (psi 14). Kama ulipima kabla ya kufungua, ukakuta namba nzuri na injini haikuwa inakula oili, krenki ikachongwa na ringi (pete za pistoni) zikabadilishwa peke yake, unaokoa fedha nyingi. Kama ilikuwa inakula oili, ulaji huo pengine ndio ulioua beringi: kiwango kilishuka, hakuna aliyechomoa kijiti cha oili, wavu ukavuta hewa kwenye kona.

Hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka na filagoji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ikipinda zaidi ya 0.05 mm, ipelekwe kusawazishwa. Badilisha sili za vali, gasketi zote, sili za krenki na kamshafti (shafti inayofungua vali), mkanda wa taiming, na pampu ya oili kama ina mikwaruzo. Bolti za hedi zina urefu wa aina mbili, kila moja irudi ilikotoka. Kukaza ni Nm 29, digrii 90, digrii 90, kuanzia katikati kwenda nje. Beringi kuu ni Nm 60. Kila kifuniko ukishakikaza zungusha krenki kwa mkono. Ikikataa, usiendelee kukaza ukitumaini italegea yenyewe.

Hatua inayorukwa ndiyo inayoharibu ovahoo nyingi kuliko zote: kuosha. Krenki ikitoka kuchongwa, njia zake za oili zina unga wa chuma na wa jiwe la kuchongea. Chukua brashi nyembamba ndefu, maji ya moto na sabuni, pitisha kila tundu mpaka brashi itoke nyeupe, puliza kwa hewa, paka oili papo hapo kabla kutu haijaingia. Bloku nayo vivyo hivyo. Mafuta ya taa peke yake hulainisha grisi lakini huuacha unga ndani. Mtu atakwambia karakana wameshaosha. Osha tena.

Kwa 1NZ-FE na 1ZZ-FE njia hii inakuwa nyembamba. Kuchonga krenki kunawezekana, lakini silinda zikilika, kuchimba slivu zake nyembamba ni kazi ya wachache sana. Kwa injini hizo mtumba hushinda mapema zaidi.

## Injini ya mtumba

Kariakoo Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au Kisekka Kampala, injini hizi huuzwa zikiwa peke yake au kama nozkati, yaani sehemu ya mbele ya gari nzima. Nozkati ina bei kubwa, lakini unapata waya, kompyuta na sensa zinazolingana, na mara nyingi gia. Kwa injini iliyo peke yake, linganisha kabla ya kulipa: soketi za distributa na injekta, manifoldi, mahali pa mkono wa injini, na kama ilikuwa ya gia za mkono au otomatiki. 5A kwa 5A ni kazi ya kubadilisha. 7A mahali pa 5A ni kazi ya kuunganisha, na bei ya fundi hupanda.

Kagua hivi, papo hapo dukani. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta tope jeusi linaloshikana kama lami, ondoka. Ukikuta rangi ya kahawa ya maziwa, maji yaliingia kwenye oili, ondoka haraka zaidi. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, ukisikiliza na kuhisi kama kuna mahali inapogoma. Toa plagi zote nne, zipange kwa namba: iliyolowa oili au yenye rangi tofauti na wenzake inakusimulia habari za silinda yake. Omba betri na stata, pima kompresheni. Injini iliyolala muda mrefu inaweza kusoma chini kidogo, kwa hiyo tazama zaidi tofauti kati ya silinda. Silinda tatu zikisoma psi 160 na moja 90, hakuna punguzo la bei linalotosha. Kama muuzaji atakubali, ombeni kushusha sampu: ukaguzi wa nusu saa kwenye meza unakupa jibu ambalo ukishafunga injini litakugharimu siku nzima. Akikataa kupima kompresheni, nenda duka la pili.

Makubaliano ya kurudisha yaandikwe kwenye risiti: siku ngapi, na kwa ugonjwa upi. "Ikigonga niletee" inasahaulika mapema. Risiti na nyaraka za kuingizia mzigo zihifadhiwe, kwa sababu namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Tanzania mabadiliko yanapelekwa TRA (Mamlaka ya Mapato), Kenya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Ukiacha, utaumia siku ya kuuza gari au siku ya ukaguzi.

Kabla ya kuifunga, ikiwa bado sakafuni na kila kitu kinafikika, badilisha mkanda wa taiming, sili ya mbele na ya nyuma ya krenki, sili za kamshafti, pampu ya maji na gasketi ya kifuniko cha vali. Sili ya nyuma ni ya bei ndogo leo. Mwezi ujao itataka gia ishuke.

## Katikati ya njia hizi

Kuna njia ya nne ambayo haitajwi mara nyingi: krenki ya mtumba ya kipimo cha kawaida pamoja na konrodi zake nne, kutoka kwenye injini iliyokufa kwa sababu nyingine, kama hedi kupasuka. Ikipimwa ikakutwa iko ndani ya 39.985 hadi 40.000, na bloku yako ni nzima, unaepuka kuchonga na unatumia beringi STD. Kwa mwenye 5A-FE ya kompresheni nzuri, sisi tungeitafuta hii kabla ya ovahoo kamili.

Kwa ujumla wa magari ya familia hii tunapendelea hivi: shingo nzima, weka beringi na usiongeze kitu. Shingo mbaya na kompresheni nzuri, krenki ichongwe au ipatikane ya mtumba. Shingo mbaya, kompresheni mbovu na hedi iliyowahi kuchemka, nunua injini. Ovahoo ya kila kitu kwa pamoja mara nyingi huipita bei ya mtumba kabla hujamaliza kununua gasketi. Ila kama unaishi mbali na maduka na jirani yako ana karakana nzuri, ovahoo inarudi mbele.

## Kuwasha kwa mara ya kwanza

Haya ni ya njia zote. Filta mpya, ijazwe oili kabla ya kufungwa kama mkao wake unaruhusu. Oili ni lita 3 na kidogo. Mwisho wa ubishi ni kijiti. 10W-40 au 15W-40 ya madini inatosha, isiwe ya bei ya kushangaza kwenye kopo lenye sili iliyofunguliwa. Geji ya presha iachwe mahali pa swichi. Toa plagi, zima mfumo wa petroli kwa kuchomoa fyuzi ya EFI, piga stata sekunde 10, pumzisha, piga tena, mpaka sindano ya geji inyanyuke. Hapo ndipo plagi zirudi na fyuzi irudi.

Injini ikiwaka, usiache ikae kwenye sailensa muda mrefu kama umeweka ringi mpya. Pasha, kagua mivujo, endesha. Kwa kilomita 500 za kwanza badilisha mwendo, kanyaga kwa wastani na uachie, usibebe mzigo mzito wala kushikilia mwendo mmoja safari nzima. Soma geji ya oili injini ikiwa ya moto, uandike namba kwenye karatasi ndani ya dashibodi. Kwenye kilomita 500 mwaga oili, pasua filta, kunjua karatasi juani kama mwanzo. Unga mwembamba kidogo wa kijivu ni wa kawaida baada ya ringi mpya. Vipande vya rangi ya shaba vikionekana tena, zima gari na ushushe sampu siku hiyohiyo, krenki ikiwa bado haijaliwa.